Vizazi vinne vya Bentley Continental GT: kipi kinakufaa?

Ukianza kutafuta Bentley Continental GT iliyokwishatumika, jambo la kwanza litakalokutatiza ni kwamba gari la 2005 na la 2016 yanafanana mno ukiyaona kwa mbali. Yote yana taa nne za duara mbele, mabega mapana juu ya magurudumu ya nyuma, na paa linaloteremka moja kwa moja hadi kwenye buti. Umbo hilo lilichotwa makusudi kwenye R-Type Continental ya 1952, na Bentley hawajawahi kutaka kuachana nalo. Chini ya bodi, hata hivyo, kuna magari yenye tabia tofauti kabisa. Wanunuzi wengi hutazama mwaka na bei tu, kisha wanajikuta na gari ambalo silo walilolihitaji.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Kwa gari hili usianze na mwaka. Anza na mahali injini ilipokaa, kisha uangalie ni injini gani. Ngozi, mbao na skrini vifuate baadaye.

Kuna vizazi vinne. Cha kwanza kilioneshwa Paris mwaka 2002 na kuanza kuwafikia wateja 2003, kikitengenezwa Crewe, Uingereza. Cha pili kilizinduliwa 2010 na kuuzwa kuanzia 2011. Cha tatu kilioneshwa 2017, wateja wakakipata 2018. Cha nne kilitangazwa Juni 2024, nacho ni haibridi ya kuchaji kwa umeme. Ila ukweli wake ni kwamba hizi ni jozi mbili. Kizazi cha pili kimejengwa juu ya mifupa ya cha kwanza, ile iliyotumika pia kwenye Volkswagen Phaeton. Cha tatu kilianza upya kwa msingi uliotengenezwa pamoja na Porsche, ule wa Panamera, na cha nne kimesimama juu ya msingi huohuo. Mpaka mkubwa uko kati ya 2017 na 2018.

Injini imekaa wapi

Injini iliyolipa gari hili jina ni W12 ya lita 6. Jina linatokana na mpangilio wa silinda. Chukua injini mbili nyembamba za silinda sita, ambazo silinda zake zimepishana kwa nyuzi 15 tu, kisha ziunganishe kwenye kreki moja (mhimili unaozungushwa na pistoni) kwa pembe ya nyuzi 72. Unapata silinda kumi na mbili kwenye injini fupi kuliko V12 ya kawaida. Ufupi huo ndio uliowawezesha wahandisi kuiweka mbele kabisa, mbele ya ekseli, na bado wakapata nafasi ya giaboksi na mfumo wa kuendesha magurudumu yote manne.

Faida yake ilikuwa kubwa. Gari lenye uzito wa kilo 2,385 na nguvu farasi 560 lilishika barabara kwenye mvua kana kwamba hakuna mvua, na likafika kilomita 318 kwa saa. Gharama yake ni pua nzito. Ingia kona kali na GT ya kizazi cha kwanza kwa haraka utausikia usukani ukikuambia kwamba mbele kunataka kuendelea kwenda moja kwa moja. Kwenye barabara kuu iliyonyooka hutalijua hilo hata siku moja. Kwenye milima utalijua kona ya pili.

Kizazi cha tatu kilitatua jambo hili kwa njia ambayo unaweza kuiona kwa macho. Simama ubavuni mwa gari, tazama umbali kati ya ukingo wa mbele wa mlango na tundu la gurudumu la mbele. Kwenye vizazi viwili vya kwanza umbali huo ni mfupi na pua inaning'inia mbele ya tairi. Kwenye kizazi cha tatu gurudumu la mbele limesogezwa mbele kwa milimita 135, pua imekuwa fupi, boneti ikarefuka. Injini nayo imerudi nyuma. Nguvu zikawa zinaanzia magurudumu ya nyuma, na ya mbele yanasaidiwa pale tu inapohitajika; katika hali ya Sport hayapewi zaidi ya asilimia 17 ya torki, yaani nguvu ya kuzungusha, ambayo hupimwa kwa Nm. Ukiyaegesha magari mawili ya vizazi hivyo pamoja, huhitaji kuambiwa lipi ni lipi.

Kizazi cha kwanza: bei ya gari na bei ya kulitunza

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu ndipo watu wanapoumia.

Bei ya GT ya 2004 hadi 2010 imeshuka kiasi kwamba mtu anaweza kuilinganisha na gari jipya la kawaida la familia. Gari limeshuka bei, lakini vipuri na kazi ya fundi havikushuka pamoja nalo. Bado ni vya gari la hadhi ile ile lililotoka kiwandani.

Mfano ulio wazi zaidi ni mipira ya hewa iliyo nyuma ya injini. W12 ina turbo mbili na mtandao wa mipira midogo ya vakyumu inayopita sehemu zenye joto kali. Baada ya miaka mingi ya joto hilo, mpira unakauka, unapasuka, na injini inaanza kunguruma bila mpangilio ikiwa imesimama, huku taa ya injini ikiwaka kwenye dashibodi. Mpira wenyewe si ghali. Tatizo ni kuufikia. Chumba cha injini kimejaa hadi pembeni, na kwa kazi nyingi za upande wa nyuma fundi hulazimika kuishusha injini yote pamoja na giaboksi. Saa za kazi zinahesabika kwa makumi. Ndiyo maana mafundi waliozoea magari haya, injini ikishashuka, hubadilisha kila kilicho karibu: mipira yote, mabomba ya maji ya nyuma, plagi kumi na mbili, koili kumi na mbili, na raba za kushikilia injini. Ukikuta gari ambalo injini yake imeshashushwa kwa kazi hiyo na stakabadhi zipo, lina thamani kuliko lenye kilomita chache ambalo halijaguswa.

La pili ni maji. Chini ya kioo cha mbele, eneo la waipa, kuna matundu ya kutolea maji ya mvua. Yakizibwa na majani, maji hupanda na kutafuta njia ya kuingia ndani, na chini ya zulia kuna kompyuta na viunganishi vya umeme. Dalili huja kama mizimu: dirisha linajifungua, gari linagoma kufungwa, betri inakwisha usiku. Kabla ya kulipa, ingiza mkono chini ya zulia la mbele, pande zote mbili, ubonyeze. Likiwa na unyevu, ondoka. Nenda pia kwenye buti ukazitazame betri, ambazo ziko mbili, moja ya kuwashia na nyingine ya mifumo mingine ya umeme. Moja ikichoka, gari litaanza kulalamikia vitu visivyohusiana kabisa na betri.

La tatu ni springi za hewa, na hili linahusu vizazi vyote. Omba gari lilale limeegeshwa mahali tambarare, kisha ulitazame asubuhi kabla halijawashwa. Likiwa limelalia kona moja, kuna springi inayovuja, na kompresa imekuwa ikifanya kazi ya ziada kila siku kufidia. Usipoziba uvujaji mapema, utanunua springi na kompresa kwa pamoja. Uzito wa gari nao unakula bushi za mikono ya mbele, kwa hiyo sikiliza milio ya kugonga unapopita kwenye matuta polepole.

Kuna afueni moja ambayo wauzaji huwa hawaitaji. Kwa kuwa gari hili limetokana na familia moja na Phaeton, vipuri vyake vingi ni vilevile. Namba ya kipuri inayoanza na 3W ni ya Bentley, inayoanza na 3D ni ya Phaeton. Fundi mwenye uzoefu ataichomoa sehemu iliyoharibika, atasoma namba, na mara nyingine atagundua kwamba Volkswagen wanaiuza sehemu hiyohiyo kwa bei ya chini zaidi. Kama fundi wako hajui jambo hili, hujapata fundi wa kizazi cha kwanza.

Na ukishaamua kukichukua, tafuta cha kuanzia mwisho wa 2007, gari lilipofanyiwa marekebisho. Toleo la Speed lililokuja wakati huo lilikuwa na nguvu farasi 610 na torki ya Nm 750, likafika kilomita 326 kwa saa. Supersports ya 2009, yenye nguvu farasi 630 na viti viwili tu, ni ya mkusanyaji. Haina kiti cha nyuma na ugumu wake unaondoa sehemu ya utulivu ambao ndio hoja ya gari hili.

Kizazi cha pili: V8 ndiyo iliyokibeba

Kwa nje kizazi cha pili kimenyooshwa mikunjo, hasa mabega ya mbele ambayo sasa ni kipande kimoja cha alumini. Viti vya mbele vilikuwa vyembamba zaidi na abiria wa nyuma akapata milimita 46 za ziada za miguu, ingawa mtu mzima mrefu bado hatakushukuru kwa safari ya saa tatu kule nyuma. Skrini ilikuwa ya kugusa. Ya kizazi cha kwanza, iliyorithiwa kutoka Phaeton, imezeeka vibaya, na hii nayo imeanza kuzeeka.

Kilichobadilisha mambo ni mwaka 2012, Bentley walipoleta V8 ya lita 4 yenye turbo mbili. Kwenye karatasi ilionekana ndogo: nguvu farasi 507 dhidi ya 575 za W12. Barabarani ndiyo bora kati ya hizo mbili, na sisemi hivyo kwa sababu ya mafuta tu. Injini ni nyepesi, na wepesi huo uko kwenye pua, mahali penye tatizo. Usukani unaitikia mapema zaidi. Giaboksi ya gia nane iliyokuja nayo ni laini na ya haraka. Ukiwa unatembea taratibu kwenye barabara kuu, silinda nne kati ya nane zinazimwa na hutasikia zinapozimwa wala zinapowashwa. Bentley walitangaza kwamba tangi la lita 90 linaweza kukupeleka zaidi ya kilomita 800. Kwa gari la safari ndefu, kutosimama kituo cha mafuta kila mara ni sehemu ya starehe yenyewe.

Kuitambua ni rahisi. Nembo ya B ina rangi nyekundu, wavu wa mbele ni mweusi unaong'aa, na midomo ya ekzosi nyuma ina umbo la nane iliyolala.

Injini hii ni ya jamii moja na ile Audi waliyoiweka kwenye S8 na RS7, na hilo ni jambo jema, kwa sababu mafundi wengi zaidi wanaifahamu. Turbo zake ziko juu, katikati ya safu mbili za silinda, mahali ambapo joto hujikusanya. Oili iliyochelewa kubadilishwa hapo huganda na kuwa masizi, na masizi huziba njia ya oili ya turbo. Kwa hiyo daftari la matengenezo ndilo kila kitu. Gari lililobadilishwa oili kila mwaka, hata kama lilitembea kidogo, ni bora kuliko lililosubiri kilomita zitimie.

W12 ya kizazi hiki haikukosa wapenzi. Speed ya 2012 ilifika kilomita 330 kwa saa, na Supersports ya 2017 ikapandishwa hadi nguvu farasi 710. Kama unachotafuta ni ule msukumo mzito usio na kelele, mithili ya mkono unaokusukuma mgongoni bila haraka, W12 bado haina mpinzani. Ila jua unanunua pia ule usumbufu wa kushusha injini.

Kizazi cha tatu: gari lililokamilika

Hapa kila kitu kikubwa kimeguswa kwa wakati mmoja. W12 ilifika nguvu farasi 635 na Nm 900, ikawa inatoka sifuri hadi kilomita 100 kwa sekunde 3.7. Springi za hewa zikawa na vyumba vitatu kila moja, kwa hiyo gari linaweza kuwa laini kweli na gumu kweli kwa kubadili hali ya kuendesha. Na kukaongezwa mfumo wa umeme wa volti 48 unaozuia gari kulala kwenye kona. Mota ndogo zilizo kwenye vyuma vya mizani hulisukuma gari upande wa pili linapotaka kuinama. Abiria haoni kitu ila kikombe chake hakimwagiki.

Ndani kuna kifaa ambacho kila mtu hukishangaa. Ukizima gari, katikati ya dashibodi hubaki ubao mtupu wa mbao, bila skrini wala kitufe. Ukiwasha, ubao unazunguka na skrini ya inchi 12.3 inatokea. Ukibonyeza tena unazunguka upande wa tatu wenye saa tatu za mshale: ya kupimia muda, dira, na joto la nje. Usiku, mbali na mji, upande huo wa tatu ndio wa kuuchagua. Skrini inapotoka machoni, safari inakuwa tulivu zaidi. Vile vishikio vya kromu vya kuvuta na kusukuma ili kufungua matundu ya hewa, ambavyo vipo tangu kizazi cha kwanza, vimebaki. Nafurahi hawakuvihamishia kwenye skrini.

Kasoro yangu moja ni giaboksi. Badala ya ile ya kawaida, waliweka ya klachi mbili yenye gia nane. Kwenye mwendo ni ya haraka mno. Kwenye kutambaa, unapoegesha au ukiwa kwenye foleni, haina ule ulaini wa giaboksi ya kizazi cha pili. Lijaribu gari hapo hasa, usijaribu kasi, kasi inayo.

V8 ilikuja baadaye ikiwa na nguvu farasi 550 na Nm 770, na uzito wa takriban kilo 2,165 dhidi ya 2,244 za W12. Tofauti hiyo utaisikia mikononi. Speed ya 2021, yenye nguvu farasi 659, iliongezewa magurudumu ya nyuma yanayogeuka na difrensho ya kielektroniki (inayogawa nguvu kati ya magurudumu mawili ya nyuma), nayo ndiyo W12 pekee ya kizazi hiki ambayo ningeichagua mbele ya V8. W12 yenyewe iliacha kutengenezwa Julai 2024, baada ya zaidi ya 100,000 kutoka Crewe. Hilo litawavuta wakusanyaji.

Kizazi cha nne: umeme unaongeza na kupunguza

Sasa kuna taa moja kila upande badala ya mbili. Chini ya boneti kuna V8 ya lita 4 inayosaidiwa na mota ya umeme ya nguvu farasi 190. Kwa pamoja, kwenye Speed, ni nguvu farasi 782 na Nm 1,000, sekunde 3.2 hadi kilomita 100. Betri ya kilowati-saa 25.9 imewekwa nyuma, na kwa kipimo rasmi inakupeleka kilomita 81 bila tone la mafuta. Baadaye yakaja matoleo ya chini yenye nguvu farasi 680.

Kuna jambo zuri ambalo takwimu hazilisemi. Gari linaondoka kwa umeme, kwa hiyo ule mkwaruzo mdogo wa klachi mbili kwenye foleni umefichwa. Na kwa kuwa betri iko nyuma, uzito wa nyuma umezidi kidogo wa mbele, kinyume kabisa na gari la 2003.

Lakini kuna viwili vya kufikiria kabla hujalipa. Gari limerudi kwenye kilo 2,459, zito kuliko hata la kwanza. Na betri imekula buti: lita 260, wakati kizazi cha tatu kilikuwa na 358. Kwa watu wawili wanaosafiri wiki nzima na mizigo yao, hilo ni begi moja linalobaki nyumbani. Kama huna mahali pa kuchaji unapolala, utakuwa unabeba betri nzito kila kilomita ili kufurahia sekunde chache za kuondoka.

Ningechagua lipi

Ukiwa na uwezo wa kizazi cha nne na unaishi mahali unapoweza kuchaji, na safari zako nyingi ni za mjini za kwenda na kurudi siku hiyohiyo, chukua haibridi. Utaendesha kimya kwa siku nyingi na utabaki na V8 kwa safari ya mbali.

Kwa yule anayelitaka gari hili kwa kazi yake ya asili, yaani kuondoka alfajiri na kufika mbali jioni akiwa hajachoka, jibu ni V8 ya kizazi cha tatu, kuanzia 2019. Hakikisha tu kwamba gari unalolitazama lina ule mfumo wa volti 48 wa kuzuia kulala kwenye kona, maana si kila V8 ilitoka nao kiwandani, na hauongezwi baadaye.

Bajeti ikiwa ndogo, V8 ya kizazi cha pili ya 2013 hadi 2017 yenye daftari kamili la oili inakupa sehemu kubwa ya raha hiyo. V8 S, yenye nguvu farasi 528 na springi zilizokazwa kidogo, ndiyo tamu zaidi kuendesha kati ya magari yote yaliyojengwa juu ya mifupa ya Phaeton.

Cha kwanza kichukue tu ikiwa fundi wa kukihudumia umeshampata kabla hujampata muuzaji, na ukatenga pembeni fedha za kushusha injini mara moja. Mwambie fundi huyo aje nawe siku ya kulikagua, aje na kompyuta yake ya kusomea makosa, na mfike asubuhi wakati injini bado ya baridi. Muuzaji akikuambia ameshaliwasha ili lipate joto, ombeni kurudi siku nyingine.